Bubu wa Bibi Nshoma

Mpaka leo, nikimsikia mwanaume anakohoa nje ya mlango, kile kikohozi kikavu kisichokuwa cha ugonjwa, kile cha kusema "napita, jamani jipangeni," huwa nasimama wima kabla sijajua kwa nini. Narudi kuwa mtoto wa miaka kumi katika nyumba yetu ya Shinyanga, yenye sakafu ya saruji nyekundu na vumbi jembamba la pamba lililoletwa na upepo kutoka kiwandani. Kikohozi hicho kilikuwa cha Baba. Na aliyekuwa akikoholewa ni mama mkwe wake, Bibi Nshoma, mzazi wa mama yangu.

Baba nimweleze kwanza. Alikuwa amefundisha fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam, tangu kabla sijazaliwa. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alikataa kubaki huko pwani kama wenzake. Alisema ana mke, ana watoto, ana ardhi, na bahari ameshaiona. Akatupakia na vitabu vyake tukarudi nyumbani. Watu wote walimwita Profesa, hata Mama siku akiwa amemkasirikia.

Shinyanga ile kila mtu alilielewa neno profesa kivyake. Wenye ng'ombe walimletea ndama wanaoharisha. Wachimbaji waliotoka upande wa Geita walimletea mawe yaliyofungwa kwenye vitambaa, wakamwomba ayatazame tu, aseme kama yana dhahabu au hayana. Baba hakujua kusema sijui kwa kifupi. Alimkalisha mchimbaji kibarazani, akamweleza uzito na ujazo, akashuka mpaka kwenye mvuto wa dunia, na Mama akalazimika kuleta chai mara ya pili. Mchimbaji aliondoka na jiwe lake mkononi na kichwa kinamuuma. "Yule mzee anajua," nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake getini. "Ila hataki kusema."

Na alitupenda, jamani. Siku hizi baba kumbeba mtoto barabarani si habari, lakini enzi zile ilikuwa sinema. Baba alitusuka nywele, vibaya sana, mistari ikienda kama njia ya ng'ombe. Alishona vifungo. Asubuhi alipika uji mwenyewe, akisimama juu ya sufuria na mwiko, akitueleza kwa nini povu hupanda na kwa nini hufurika, na wakati akieleza uji ulifurika kweli, kila siku, ukazima moto. Nilipokuwa mchanga, alipokuja likizo ukweni, alifua nepi zangu kisimani mchana kweupe. Nasikia wanawake waliacha ndoo zao wakaketi kutazama.

Kitu kimoja tu kilimshinda Baba duniani, nacho kilikuwa kukutana uso kwa uso na Bibi Nshoma.

Kwetu Usukumani, kwa watu wa umri wao, mkwe na mama mkwe walioneana aibu, na aibu hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Hawakutazamana usoni. Hawakula pamoja, hawakupeana mikono, hawakusemezana. Wakikutana njiani, mmoja aliingia porini na mwingine akajifunika khanga mpaka apite. Baba alikuwa amemwoa Mama kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano na alikuwa hajawahi kumwambia mama mkwe wake hata "hodi." Alichompa katika miaka yote hiyo ni kikohozi, ili ajue anapita.

Bibi alipokuja kututembelea, nyumba yetu iligeuka ngome. Sebule ilikuwa ya Bibi. Chumba kilikuwa cha Baba, na kutoka chumbani kwenda nje ilikuwa lazima upite sebuleni. Kwa hiyo Baba alitoka dirishani. Mtu aliyevaa miwani, mwenye shahada za Ulaya, alitanguliza mguu mmoja, akatanguliza kitabu, kisha akaning'inia. Siku moja mfuko wa suruali yake ulinasa kwenye komeo, akabaki nusu ndani nusu nje, na mama mmoja jirani aliyekuwa akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, akapiga yowe la mwizi. Watu walikuja na marungu. Walipomtambua walimsaidia kushuka, wakamwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo Profesa," naye akaitikia "Marahaba, marahaba," huku ameshika suruali yake nyuma. Ndani, Bibi aliuliza kwa upole kuna kelele gani. Mama akamjibu ni mbuzi.

Sasa mambo yalianza hivi. Bibi alikuwa akiishi kijijini kwao, upande wa Rwamgasa, ng'ambo huko Geita, na macho yake yalianza kufifia. Mwaka wa kwanza alisema ni moshi wa jikoni. Mwaka wa pili akawa anamwaga mtama nje ya ungo. Mwaka wa tatu akawa hamwoni hata kuku miguuni pake, naye ni mwanamke aliyekuwa akijua kuku zake kwa sura. Ilikuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ndipo hospitali ya Shinyanga ikapata daktari wa macho, si wa kudumu, wa kupita tu. Alikuwa amebakiza siku chache aondoke, na ilisemwa hatarudi karibuni. Aliyetaka kuona tena ilibidi awahi.

Mabasi yalikuwa yamelala. Mvua zilikuwa zimekata barabara na petroli ilikuwa adimu kuliko dhahabu yenyewe. Gari pekee tulilolijua lililokuwa na uhai lilikuwa landrova kuukuu ya Baba. Alikuwa na dumu moja la petroli alilolificha chini ya kitanda, kiasi kwamba chumba chao kilinuka kama gereji, na Mama alikuwa akilalamika kila jioni. Siku ile hakulalamika. Tulipanda, Baba, Mama na mimi kitinda mimba wao niliyekuwa likizo, tukapita Kahama, tukapita Ushirombo, tukafika Katoro tumebadilika rangi kwa matope, mpaka kwa Bibi.

Bibi akakataa kupanda.

Majadiliano yale niliyaendesha mimi. Baba alikuwa amekaa nyuma ya zizi, mgongo kaupa nyumba. Bibi alikuwa ndani, mgongo kaupa mlango. Mimi nilikimbia katikati, nikikanyaga mavi ya ng'ombe kwenda na kurudi.

"Mwambie bibi yako," alisema Baba, na nikaona ameshaanza kukunja mikono kama yuko darasani, "kuonana ni suala la mwanga. Mwanga ukikosa kuingia jichoni, hakuna picha. Bibi yako haoni. Mimi nitatazama barabara. Kwa hiyo kisayansi hatutakuwa tumeonana."

Nikakimbia, nikamwambia yote, pamoja na kisayansi.

Bibi alikuwa akichambua karanga kwa vidole. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia ng'ombe. "Yaya!" alisema. Hapana. "Mwambie baba yako, macho yangu ndiyo yamekufa. Aibu yangu haijafa. Na hiyo sayansi akawafundishe watoto wa watu."

Nilirudi. Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ana hoja," alisema.

Mama ndiye aliyemaliza mambo. Aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akimpigia mama yake kelele. "Mama, umemwona Kabula?" Kabula ni mimi. "Umemwona alivyokua? Unajua ana sura ya nani?" Bibi akaacha kuchambua karanga. Mama akasema, "Ana sura yako. Na wewe huijui." Nilisimama mlangoni nikiwa sijui nifanye nini na hiyo sura yangu. Bibi aliinua mkono, nikamsogelea, akanipapasa paji la uso, pua na mashavu, vidole vyake vinanuka karanga. Kisha akaomba khanga yake ya kutokea.

Shuka lilifungwa katikati ya gari, kutoka bati mpaka kwenye viti. Mbele tulikaa Baba na mimi. Nyuma, Mama na Bibi na kuku wawili wa zawadi kwa daktari. Baba alikatazwa kusema neno. Hebu fikiria: mtu aliyeishi kwa kusema, safari nzima mdomo kaufumba. Alipotaka kunieleza jambo alinigusa goti na kuonyesha kwa kidole, akichora hewani mizani, mawimbi na mishale. Nilikuwa naitikia kwa kichwa bila kuelewa kitu. Nyuma, Bibi alikuwa akilalamika kwamba dereva anaendesha kama anapeleka maziwa yasimwagike.

Tulikwama katikati ya mbuga, mahali ambapo udongo mweusi ukishanywa maji haumwachii mtu hata kiatu. Mbele yetu kijito kilikuwa kimefurika na kukata barabara. Landrova ilipiga kelele, ikatupa matope mpaka kwenye matawi ya migunga, ikatulia. Baba alishuka, akaizunguka, akachuchumaa kutazama matairi yaliyokwisha kuzama, akaninong'oneza, "Tatizo ni msuguano." Hilo nilikuwa nimeliona hata mimi.

Ng'ambo ya maji kulikuwa na lori la pamba lililotoka Shinyanga. Lilikuwa limefika hapo likashindwa kuvuka, na sasa lilikuwa limegeuza kichwa lirudi lilikotoka. Dereva wake, mzee mwembamba aliyejifunga leso shingoni, alikuwa peke yake, utingo wake kabaki njiani na homa. Alitupigia kelele kwamba nafasi ipo, wanawake wakae kwake mbele. "Lakini wahini!" alisema, akionyesha wingu. "Mvua ikianza tena mimi naondoka!"

Hapo ndipo tuliposimama sote tukatazamana. Mama alikuwa mwembamba kama fimbo. Mimi nilikuwa mtoto. Maji yalikuwa ya magoti mpaka mapajani, yanakwenda kasi, na chini yake matope. Bibi asingeweza kuvuka kwa miguu yake, haoni, na mwenye mwili ule. Ukimwacha yule mzee mwembamba wa lori, kwa macho yetu yote hapakuwa na mwanaume mwingine mpaka upeo wa mbuga, isipokuwa Baba. Na kumbeba mama mkwe mgongoni, miguu yake imekuzunguka kiunoni, lilikuwa jambo ambalo sidhani hata lilikuwa na adhabu yake, maana hakuna aliyewahi kufikiria kulifanya.

Baba alianza kuvua viatu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama alimtazama, akatazama wingu, akalitazama shuka, na nikaona uso wake unabadilika, uso wa mtu mkweli anayejiandaa kusema uongo.

"Mama!" alisema kwa sauti kubwa. "Ashukuriwe Mungu! Kuna kijana amepita hapa, mchimbaji, anatoka huko Rwamgasa. Amekubali kukuvusha."

Bibi akauliza nyuma ya shuka, "Na Baba Masanja yuko wapi?" Masanja ni kaka yangu mkubwa.

"Amekwenda kutafuta watu wa kusukuma gari."

"Huyo kijana anaitwa nani?"

Baba alifungua mdomo. Nadhani alitaka kupinga kwa sababu za kitaalamu. Mama akamwahi, akamfunika mdomo kwa kiganja kilichojaa matope. "Hajui kusema, mama. Ni bubu."

"Masikio je?"

"Anasikia vizuri sana."

"Bubu anayesikia," alisema Bibi. "Makubwa. Haya, aje."

Baba alikunja suruali, akatembea kuelekea mlango wa nyuma wa landrova. Na alipofika mlangoni, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitano, akakohoa.

Mama alifumba macho.

"Kijana ana kifua huyo," alisema Bibi.

"Ni vumbi la machimboni, mama," alisema Mama kwa sauti nyembamba kabisa.

Bibi alisogea mlangoni. Alijifunika khanga usoni, akanyoosha mikono mbele. Baba akageuza mgongo, akainama. Mikono ile mikubwa ilimpapasa mabega, kushoto na kulia, ikakaa hapo kidogo, kisha Bibi akapanda. Baba alitoa mlio kama wa mlango wa ghala. Akaingia majini. Mimi na Mama tulifuata nyuma yao tumeshikana mikono, mizigo na kuku kichwani, maji yananifika kiunoni, na kwa sababu hiyo nilisikia kila neno.

"Una mgongo mzuri, kijana," alianza Bibi. "Mgongo wa kazi. Mkwe wangu angekuwa hapa angekuwa bado anapima maji."

Baba alipiga hatua.

"Unamfahamu mkwe wangu? Huwezi kumfahamu. Ni msomi sana. Anapita dirishani nyumbani kwake, eti mimi nisimwone. Wanasema ni mbuzi. Mimi nimefuga mbuzi tangu nikiwa msichana, na mbuzi havai viatu."

Mabega ya Baba yalianza kutikisika. Mama alinibana mkono mpaka ukauma.

"Alifua nepi," Bibi aliendelea, sasa sauti imeshuka kidogo, kama mtu anayepiga soga na jirani. "Kisimani! Nilikaa ndani siku nyingi kwa aibu. Nikawatuma watoto wakateke maji. Wanawake wa kijiji kizima wakasema mkwe wa Nshoma amelogwa. Baadaye wale wale wakaanza kuja mmoja mmoja kuniuliza dawa niliyotumia."

Katikati ya kijito Baba alikanyaga shimo. Mguu ulizama mpaka juu ya goti, Bibi akayumba, na bubu wetu akapaza sauti akasema, "Mayu we!" Mama wee, kwa Kisukuma.

Tulisimama sote. Maji yalipita. Kuku mmoja alilia kichwani pangu.

"Kumbe maji haya ni dawa," alisema Bibi. "Yameanza kumfungua ulimi. Nenda, kijana, nenda, usije ukapona hapa tukazama."

Baba akang'oa mguu, akaendelea. Lori lilikuwa karibu sasa, na yule mzee dereva alikuwa ameshuka akitutazama ameweka mikono kiunoni. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kuanguka. Hapo Bibi aliinamisha kichwa chake karibu na sikio la Baba, na ingawa alishusha sauti, nilikuwa nyuma yao kabisa.

"Nilikataa huyu binti asiolewe naye," alisema. "Nilisema, mwanaume wa vitabu atakuacha kwa mwanamke wa vitabu. Basi nikaanza kungoja aachwe. Nilimwekea hata chumba. Nimengoja, nimengoja, mpaka macho yamechoka kutazama njia. Hakuachwa." Alijiweka sawa mgongoni. "Ningekuwa naweza kusema na mkwe wangu ningemwambia nilikosea. Lakini mila hainiruhusu. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ni bubu, hutampelekea."

Baba alimfikisha, akamketisha kwenye kiti cha lori taratibu mno. Aligeuka haraka, akarudi majini bila kutuaga. Nilimwona uso, umelowa, na mvua ilikuwa bado haijashika vizuri. Nilidhani ni uzito wa Bibi. Nilimwonea huruma kwa mgongo wake.

Tuliwahi. Daktari alimfanyia Bibi jicho moja, siku ya pili akafanya la pili. Baba aliingia mjini na landrova siku iliyofuata, amepata watu wa kumsukuma, matope mpaka kwenye nyusi. Bandeji zilipofunguliwa, nilikuwa pale mbele ya kitanda. Bibi alinikazia macho kwa muda mrefu, akasema, "Mama yako muongo. Mimi nilikuwa mzuri kuliko hivi." Halafu akanivuta akanikumbatia na tukalia sote wawili, mimi kwa kuona ananiona, yeye sijui kwa lipi zaidi.

Alipumzika kwetu mpaka macho yakapona, na Baba alirudi dirishani kwa bidii mpya. Kwa kuwa sasa Bibi aliona kweli, Baba alitoka kabla Bibi hajaamka na kurudi Bibi amelala. Mimi nilichukizwa sana na unyonge huu. Nilitaka mtu amwambie Bibi ukweli, kwamba hakuna bubu, kwamba alidanganywa. Nilimwambia Mama hivyo, akanitazama kama anayetazama maziwa yanayochelewa kuganda. "Wewe nyamaza tu," alisema. "Siku moja utakua."

Bibi alirudi kwao. Tangu mavuno ya mwaka ule, kila aliyetoka Rwamgasa kuja Shinyanga alituletea vikapu viwili vya karanga na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Ujumbe ulikuwa ule ule. Kikapu kikubwa cha Baba Masanja. Kikapu kidogo, chenye karanga zilizochaguliwa moja moja, cha yule bubu. "Mkimwona," alikuwa akisema mleta mzigo, "Bibi anasema mmpe kwa mkono." Baba alipokea kile kidogo, akaenda nacho chumbani, akala peke yake. Hakumpa mtu. Mtu aliyekuwa akigawa hata embe moja kwa watu wanane! Nilimuuliza kwa nini anakula chakula cha bubu. Akaniambia bubu hana meno.

Bibi aliugua mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Nilikuwa nasoma sekondari, nikaombewa ruhusa. Tulipofika kijijini ukoo ulikuwa umejaa uani, na Baba, kama ilivyompasa mkwe, akaenda kukaa mbali, nyuma ya zizi. Bibi alikuwa amebaki mifupa ile mikubwa tu chini ya blanketi, lakini macho yalikuwa mazima, yakizunguka chumba kizima. Mchana wa siku ya pili yake alisema, "Niitieni bubu."

Wajomba zangu walitazamana. Bubu yupi? Bibi alifumba macho. Basi neno la mgonjwa ni amri, wakatawanyika. Mmoja alikwenda na baiskeli mpaka gulioni, na baada ya muda akarudi amempakia bubu kweli, mtu mzima mpole aliyekuwa akiuza kamba, ameshangaa vibaya. Wakamwingiza. Bibi alifumbua macho, akamtazama mtu wa watu.

"Siyo huyu," alisema. "Huyu mpeni ugali ale ashibe, mmrudishe."

Mama alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Aliinuka, akatoka nje, nami nikamfuata. Alikwenda mpaka nyuma ya zizi. "Baba Masanja," alisema, "unaitwa."

"Nani ananiita?"

"Hakuitwa Baba Masanja," alisema Mama. "Ameitwa bubu."

Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akainuka, akajipangusa suruali, akatembea kuvuka ua mbele ya macho ya ukoo mzima, na wazee wakaanza kunong'ona, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Mama alimfungulia. Mimi nilisimama mlangoni, na safari hii hakuna aliyenifukuza.

Bibi hakujifunika khanga. Alimtazama. Baba alisimama ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Inua uso," alisema Bibi. Akauinua. Bibi akauchunguza, kipara, miwani, mvi za ndevu. "Ndiyo sura yenyewe hii?" alisema. "Hii ndiyo niliyoikimbia miaka yote? Ya kawaida kabisa." Mama alicheka. Bibi akasema, "Sasa sema. Leo unaruhusiwa."

Mtu huyu alifundisha mamia ya vijana wa nchi hii. Alizungumza mbele ya mawaziri. Baadaye, uzeeni, kabla Mungu hajamchukua, aliniambia kwamba tangu siku ile ya kijito alikuwa amejitungia kichwani maneno ya kumwambia mama mkwe wake, akiyarekebisha kila msimu wa matobolwa, na yalikuwa maneno mazuri sana. Hakulipata hata moja. Midomo ilicheza tu. Mwisho alipiga goti sakafuni, mzee mzima, akasema, "Mwadila, mayu." Salamu tu ya mchana, ambayo mtoto yeyote wa Kisukuma humpa mama yake.

"Mwadila, ng'wanone," alijibu Bibi. Mwanangu.

Bibi hakuishi mpaka wiki ile iishe.

Nilikuwa nikidhani, nikiwa mtoto, kwamba Bibi ndiye aliyedanganywa siku ile mbugani. Ilinichukua muda, na kuzaa kwangu mwenyewe, kuelewa kwamba alimjua tangu kikohozi, na kwamba yote aliyoyasema mgongoni aliyasema akijua yanaingia sikio la nani. Mama alijua kwamba anajua. Baba alijua. Mjinga alikuwa mimi peke yangu na yule dereva wa lori.

Na mimi sasa nina mkwe. Kijana mzuri, ameoa binti yangu wa pili, wanaishi Mwanza. Hakohoi. Anaingia kwangu bila hodi, ananikumbatia mbele za watu, anafungua friji yangu mwenyewe. Nami nilimkataa mwanzoni, nilimwona mwepesi, nikamwambia binti yangu maneno ambayo nayajutia. Yapata miaka tisa sasa na nimeona nilikosea. Ananipigia simu kila jioni. Namuuliza watoto wamekula nini, ananiuliza mvua imenyesha, tunacheka, tunaagana. Kila jioni nakata simu nikiwa bado sijamwambia.